Uzoefu Unauzwa Wapi?

Ndugu zangu, nina leseni ya daraja E mfukoni na bado napanda daladala kwa nauli ya kukopa. Leseni yenyewe sikuiokota. Mama aliuza kipande cha shamba, nikalipia chuo cha udereva. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe!

Pale Kurasini, ambako yadi za malori zimebanana jirani na bandari, nimegonga mageti hata hesabu imenipotea. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Uzoefu miaka mingapi?" "Sina, mzee, ila nimesoma." "Basi kijana, katafute uzoefu halafu urudi." Nikatafute wapi? Kariakoo, nipimiwe fungu pamoja na mchicha?

Msinielewe vibaya. Sisemi bosi amkabidhi lori mtoto wa jana. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari la ekseli saba kufika tani 56, mzigo na chuma pamoja. Mteremko wa Kitonga, kule Iringa, hausomi cheti cha mtu. Usipoingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, ukategemea kanyagio la breki peke yake, breki zinapata moto, zinalegea, na hapo hata dua inachelewa. Darasani niliyaandika haya, nikayasahau. Niliyaelewa kwa dereva mmoja mtu mzima niliyemfanyia utingo safari 11, Dar hadi Tunduma.

Na hasira yangu iko hapo. Utingo ndiyo shule yenyewe ya malori, kila mwenye yadi analijua hilo, lakini ni shule isiyo na daftari. Nimefunga turubai mvua ikinichapa. Nimelala chini ya tela mpakani, foleni siku tatu haisogei, nikilinda mali ya mtu asiyelijua hata jina langu. Mshahara? Posho ya dereva, akijisikia. Mkataba? Thubutu! Nilipoomba barua tu kwamba nilikuwepo, karani akacheka: eti utingo hayumo vitabuni.

Sasa oneni kinachozaliwa. Kijiweni kwetu kuna mshikaji alichoka kuomba, akanunua barua ya uzoefu yenye mhuri na sahihi: miaka mitano, Dar hadi Lubumbashi. Tunduma kwenyewe hajafika! Kaajiriwa. Mimi niliyeshuka Kitonga mara 11 kwenye kiti cha kushoto, macho kodo, naambiwa sijui kitu. Mabosi, mnasema mnalinda usalama. Mnalinda karatasi!

Muandikeni utingo. Kila safari isainiwe: njia, mzigo, na kilomita alizoshika usukani mwalimu akiwa pembeni. Mlipeni. Kisha mumjaribu kwa vitendo, arudishe tela nyuma hadi lipangike, ashuke mlima na mzigo, ndipo apewe funguo. Mtasema tukimfundisha atahama. Atahama kama mnalipa posho! Ukweli ni kwamba mnaliogopa daftari, maana jina likishaandikwa, na mshahara unadaiwa.

Jumatatu narudi Kurasini na leseni yangu na safari zangu 11 zisizo na shahidi. Mama ananiuliza kila jioni kama nimepata, nami namwambia bado. Yule mshikaji jana kanitajia bei ya barua. Sijamjibu.