Kikohozi Kikavu: Ukale wa Dawa Si Ushahidi

Mkazi wa Mtambile, kusini mwa Pemba, akishikwa na kikohozi kikavu, aghalabu huanza na vilivyomo nyumbani: tangawizi, karafuu na asali. Kisipopoa, huenda Mkoani, katika Hospitali ya Abdulla Mzee, ambako madaktari kutoka China hufanya kazi pamoja na wenyeji. China imekuwa ikipeleka madaktari Zanzibar tangu miaka ya 1960. Ujirani huo wazua swali lifaalo kujadiliwa darasani: je, mitishamba ya Kichina ya kikohozi iaminiwe kwa kuwa ni ya kale?

La. Wala isibezwe kwa sababu hiyo. Mmea uitwao mahuang ulitumiwa na Wachina kutibu kifua kwa karne nyingi. Mwaka 1885 mkemia wa Kijapani, Nagai Nagayoshi, alitenga kutoka katika mmea huo efedrini, dawa inayopanua njia za hewa. Lakini efedrini hiyo hiyo huuendesha moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu. Urukususu nao, mzizi mtamu utiwao katika michanganyiko mingi ya Kichina, ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupunguza potasiamu mwilini na kuweza kudhuru moyo.

Tena kikohozi cha mafua hupoa chenyewe. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa hudumu kwa wastani wa siku 18 hivi, ilhali watu hutarajia kiishe kwa wiki moja. Anywaye majani siku ya 10, akapona siku ya 15, huyasifu majani. Ndiyo maana hapana budi kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa: waliopewa dawa na wasiopewa.

Wachina wenyewe wametoa mfano. Tu Youyou, akitafuta dawa ya malaria, alisoma kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, akapata fununu ya kuukamua mmea wa qinghao pasipo kuuchemsha. Hakuishia hapo, alijaribu katika maabara, kisha kwa wagonjwa, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kitabu kilitoa fununu. Jaribio ndilo lililotoa ushahidi.

Hasara ya kuamini bila kupima si fedha tu. Kikohozi kilichofikia wiki mbili chaweza kuwa kifua kikuu, na kila siku ipitayo kwa kunywa majani ni siku ya kuwaambukiza walio chumba kimoja. Mwalimu na awaeleze wanafunzi wake: tangawizi na asali si kosa, ila asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, lakini visichukue nafasi ya kipimo.