Woman ya Lady Jaydee isikilizwe kama muziki

Mhariri,

Kila inapotajwa Woman, albamu ya Lady Jaydee ya mwaka 2017 iliyofuata kuvunjika kwa ndoa yake, mjadala huishia kwenye nani alimkosea nani. Huko ni kumpunja msanii. Chukua "Ndi Ndi Ndi", wimbo wa ukakamavu usiomshtaki mtu kwa jina. Ulinganishe na "Machozi" wa mwanzoni mwa miaka ya 2000: sauti ni ileile nyororo, lakini sasa haibembelezi, inasimama wima juu ya mdundo. Hayo ni maamuzi ya mtunzi, wala si umbea.

Wapo watakaosema aliyeimba maumivu yake ameanika siri mwenyewe, hivyo tuna haki ya kuhoji. Sikubali. Huku Usukumani, manju wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, hutunga masaibu na vijembe vya wazi kabisa, ila ushindi huenda kwa aliyevuta umati uwanjani, hata kama kisa cha mwenzake ni kichungu zaidi. Jaydee, mzaliwa wa Shinyanga, mkoa uliomegwa mwaka 2012 kupata Simiyu yetu, anastahili kipimo hichohicho. Waandishi wako watueleze basi nani alipiga gitaa, nani alipanga midundo.

Msikilizaji,
Bariadi, Simiyu