Eti "Vilugha"?

Wenzangu, bado kuna wanaoita lugha za Waaborijini wa Australia "vilugha", eti hazina sarufi. Hebu chukueni Kidyirbal cha kaskazini mwa Queensland. Kina ngeli nne: ya kwanza wanaume na wanyama wengi, ya pili wanawake, maji na moto, ya tatu mimea inayoliwa, ya nne vilivyobaki. Sisi wenye KI-VI na M-MI tucheke nini hapo?

Na heshima je? Zamani mwanamume akiwa karibu na mama mkwe wake alibadili karibu msamiati wote, sarufi ikabaki ileile. Mkwe alikuwa na kamusi yake, jamani!

Sasa njooni eneo jirani, Northern Territory. Mwaka 2008 serikali yake ilitangaza kwamba masaa manne ya kwanza ya masomo kila siku yawe ya Kiingereza, hata kwenye shule za Waaborijini zilizokuwa zikifundisha kwa lugha mbili. Mtoto alifika asubuhi akili ikiwa mbichi, halafu lugha aliyoielewa ikasubiri mchana. Wakubwa walilalamikia matokeo mabaya ya mitihani. Mitihani yenyewe ilikuwa ya Kiingereza.