Masomo ni ya Bure, Lugha Ina Ada Yake

Mwanafunzi wangu mmoja wa isimu alitaka kujua maneno fulani hutokea mara ngapi katika matini ndefu za Kiswahili. Nilimshauri ajifunze kuandika programu za tarakilishi. Masomo yamejaa tele kwenye intaneti, nikamwambia, tena ya bure, huna udhuru.

Majuma matatu baadaye alirudi amekata tamaa. Somo la kwanza lilimtajia neno la Kiingereza alilolijua kwa maana ya kamba. Aliitafuta kamba hiyo asiione. Katika taaluma hiyo, neno hilo humaanisha mfuatano wa herufi. Yeye alikwisha kuamua kwamba akili yake ndiyo fupi. Kosa lilikuwa langu.

Siyabezi masomo hayo. Chuo Kikuu cha Harvard hutoa somo lake la CS50 bila malipo. freeCodeCamp, iliyoanzishwa mwaka wa 2014, haimtozi mwanafunzi hata senti. Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka wa 2007, humwezesha mtoto kuunganisha amri kama vipande vya kuchezea, na amri hizo zaweza kusomwa kwa Kiswahili.

Hata hivyo, wapo wanaoshikilia kwamba pasipo Kiingereza hakuna programu. Dai hili lina kasoro. Lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka wa 1991, leo ina maneno maalumu 35 tu. Mwanafunzi wa shule ya upili aweza kuyakariri kwa juma moja. Kinachomlemea ni maelfu ya maneno ya Kiingereza yanayotumiwa kuyaeleza hayo 35, na maelezo yaweza kutolewa kwa lugha yoyote.

Yamkini msomaji atasema kwamba gharama halisi ni mashine na bando. Ni kweli, na serikali haina budi kulitazama jambo hilo. Lakini ada ya lugha humfika hata aliye na mashine mkononi.

Mwaka wa 2022 Kenya iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Kwa hivyo, napendekeza mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa tarakilishi waketi meza moja. Wachague somo moja la bure, walifafanue kwa Kiswahili, na waandike orodha ya istilahi ubaoni. Wanafunzi nao wasione haya kuuliza kwa lugha wanayoifikiria.

Mimi na mwanafunzi wangu tuliketi jioni mbili, tukalieleza upya somo lile kwa Kiswahili. Juma lililofuata programu yake ilihesabu maneno yote aliyoyataka. Akili yake ilikuwa ile ile.