Tuwapeleke Watoto Wakaone Boma

Likizo njema hupangwa mapema, kabla fedha haijamalizikia katika mambo madogo madogo. Mwaka huu wapelekeni watoto wakaone maboma ya kale.

Boma halikuwa ofisi tu. Wakati wa Wajerumani, na hata wa Waingereza, Bwana Shauri aliyesimamia kodi ndiye huyo huyo aliyeketi kuhukumu. Mwananchi aliyeshindwa kulipa angemlalamikia nani?

Wakazi wa Dar es Salaam waanzie Bagamoyo, mwendo wa kilometa 70 hivi. Boma la huko lilijengwa mwaka 1897, na jioni mtakuwa mmekwisha rudi nyumbani.

Wenye nafasi waende Iringa, kilometa 500 hivi. Ondokeni alfajiri, mkiwa na chakula na maji, ili mpite mbuga ya Mikumi mchana, watoto wapate kuona wanyama. Pangeni kulala huko siku mbili. Boma la Iringa, lililojengwa mwaka 1914 kuwa hospitali ya askari wa Kijerumani, Waingereza waliligeuza ofisi za utawala. Leo ni makumbusho.

Siku ya pili nendeni Kalenga, jirani na mji. Hapo ilikuwapo ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyobomolewa kwa mizinga mwaka 1894. Na hapo limehifadhiwa fuvu lake, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Msiiache siku hiyo kwa kubana matumizi. Aonaye boma peke yake amesikiliza upande mmoja wa shauri.