MAONI YETU: IKHLASI NI NINI?



Kila anayeomba nafasi katika bodi ya ushirika wetu anasema atatumika kwa ikhlasi. Sawa. Lakini ikhlasi ipi? Neno hili limegeuka mara kadhaa, na msimu wa korosho uko mlangoni.

Lenyewe limetoka Kiarabu, na ni ndugu wa neno halisi. Shina lao ni moja: kitu kisichochanganywa. Asali halisi ni ile isiyotiwa maji. Warumi wa kale nao walikuwa na neno lao, sincerus, la kitu safi kisichochanganywa, na Waingereza wakalichukua wakamwitia mtu mkweli wa moyo. Hapo zamani, basi, mwenye ikhlasi alikuwa mtu mwenye moyo mmoja, na wa kuupima ni Mungu peke yake.

Azimio la Arusha la 1967 likaleta kipimo cha macho. Kiongozi asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha, wala hisa katika kampuni. Tena likasema kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe, kwa sababu mali inajua kupita mlango wa nyuma! Hakuna aliyeulizwa nia yake. Aliulizwa anacho nini.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti hayo. Kuchanganya kukaruhusiwa. Halafu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ikamtaka kiongozi aandike mali na madeni yake, na ya mwenzi wake na watoto wadogo, ampelekee Kamishna wa Maadili. Yaani asali unaweza kutia maji, ila useme umetia kiasi gani. Wazee wengine wanaguna. Mimi naona kusema si jambo dogo, ila karatasi iliyolala kabatini haimsaidii mkulima.

Sasa tuje kwetu. Wakati wa njaa wapo waliokopa unga kwa ahadi ya kulipa korosho kwa bakuli, ile kangomba tuliyokatazwa. Nani aliwakopesha? Kama ni mjumbe wa bodi, anaposhika mizani ya ghala anampimia nani? Bei ikipanda mnadani, furaha yake ni ya nani? Jamani, kifua cha mtu hatuwezi kukipasua tukachungulia. Karatasi tunaweza kuidai.

Tunapendekeza kila mgombea aandike mashamba yake, anaowadai, wanaomdai, na mazao anayonunua kwa watu, yeye na mwenzi wake. Ibandikwe hapa hapa ukutani. Ambaye mkono bado mzito kuandika aje darasa la jioni tumsaidie. Sisi wengine tulijifunza ukubwani na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Karatasi apewe mtunza ghala kabla ya Ijumaa jioni. Mkutano mkuu ni Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mwembe.

Katibu