Huyo Mbwa Wako Hana Pepo



Leo nitasema juu ya mbwa. Usipite haraka ukidhani mchungaji amekosa somo. Miezi hii, kati ya maombi mnayoniletea kwa simu, mbwa wameongezeka. Dada mmoja anataka nije nitie mafuta getini kwake, kwa sababu mbwa wake wa miezi saba ametafuna viatu, bomba la maji na sketi ya kwaya ndani ya juma moja. Ndugu mwingine anaamini jirani amemtumia kitu, maana amezika watoto wa mbwa watatu katika boma lile lile. Na mama mmoja, mtoto wake ameumwa mguuni na mbwa wa jirani, ameniomba nimwombee kupitia simu ili wasihitaji kwenda hospitali.

Wote nimewajibu. Nawajibu tena hapa kwa sababu najua hamko watatu tu. Tumehamia Kitengela, Ruiru, Utawala, Rongai. Mungu ametupa ploti, tumejenga, tumeweka geti, na kabla rangi haijakauka tumeleta mtoto wa German Shepherd alinde. Si vibaya. Lakini wengi tulidhani tumenunua mlinzi, kumbe tumeleta mtoto. Mengi tunayoyaita vita vya kiroho katika habari ya mbwa ni kazi ya nyumbani ambayo haijafanywa.

Naanza na yule mama, kwa sababu jambo lake halingoji.

Mtoto akiumwa na mbwa, au hata akikwaruzwa damu ikatoka, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima. Usipake pilipili. Usifunge jiwe jeusi. Usiweke nywele za mbwa. Ukiandikiwa sindano za chanjo, zimalize zote kwa tarehe ulizopewa, usiache ya mwisho kwa sababu kidonda kimekauka.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mimi naamini Mungu anaponya, nimehubiri hivyo na nitaendelea kuhubiri. Lakini Mungu huyo huyo ametuachia nafasi ya siku na majuma kati ya kuumwa na ugonjwa kuanza, na chanjo inafanya kazi ndani ya nafasi hiyo. Ukiiacha ipite ukikaa nyumbani, halafu ukaita kukaa kwako imani, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Nitaomba na wewe mkiwa ndani ya matatu, mnaelekea hospitali.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, pembezoni mwa Nairobi. Duniani unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Watoto ndio wanaoumwa zaidi. Mwaka 2014 serikali yetu iliweka lengo la kukomesha vifo hivi kufikia mwaka 2030, na njia yenyewe haina siri: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Sasa niulize, wa kwako ni mmoja wa hao 70, au ni wa wale 30? Mchanje akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ziko kaunti ambazo huchanja bure wakati wa kampeni, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Pita ofisi ya mifugo uulize.

Ndugu uliyezika watatu, nisikilize kwa upole. Walitapika, wakaharisha damu yenye harufu mbaya, wakakataa kula, na baada ya siku mbili tatu wakafa. Hakuna aliyekutumia kitu. Hizo ni dalili za parvo, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Uliosha kibanda kwa sabuni ya kawaida, ukamleta mwingine akalala pale pale. Sabuni ya kawaida haiviui. Jik iliyochanganywa na maji huviua kwenye simiti, lakini kwenye udongo ni shida. Kwa hiyo subiri, au mlete mbwa aliyekwisha kumaliza chanjo zake. Nasema chanjo zake, kwa wingi: huanza majuma sita hadi nane, hurudiwa kila majuma matatu au manne mpaka afike kama majuma 16. Muuzaji akikwambia "huyu amechanjwa," omba kadi yenye tarehe na sahihi ya daktari wa mifugo. Na daktari mwenyewe awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Jirani mwenye sindano na maneno mengi si daktari. Zaidi ya yote, umsamehe yule jirani uliyemshuku. Hilo tutaliongea tukikutana.

Sasa dada wa sketi ya kwaya. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nyumba nyingi ziko hapa.

Umefungia mbwa kwenye kibanda cha mabati tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Ana miezi saba. Mbwa wa miezi saba ni sawa na kijana wa kidato cha pili: mwili umekuja, akili iko njiani. Aina hiyo ya mbwa ilianzishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899, kutoka kwa mbwa wa kuchunga kondoo, wanyama wa kutembea kutwa na mchungaji. (Mchungaji wa kondoo, si mimi.) Nguvu zote hizo umezifungia futi sita kwa sita, halafu ukimfungulia unashangaa bomba limekatika. Ungemfungia kijana wako hivyo, hata kuta zingetafunwa.

Mtembeze kabla hujaenda kazini, hata nusu saa, akiwa na kamba shingoni. Mtembeze tena jioni. Kabla ya kumwekea chakula, mfundishe neno moja: kaa. Akikaa, bakuli linashuka. Akiruka, bakuli linapanda. Ndani ya siku chache utashangaa. Baadaye ongeza njoo na acha. Dakika kumi za kufikiri humchosha mbwa mchanga kama mbio ndefu. Mpe kitu chake cha kutafuna, kama karoti nzima au kamba nene yenye mafundo, na viatu viingie ndani. Kati ya miezi minne na saba meno yanabadilika na ufizi unawasha, kwa hiyo kutafuna atatafuna. Kazi yako ni kuchagua kitu gani. Akiwarukia wageni wenye nguo za Jumapili, mgeni ageuke ampe mgongo, asipige kelele wala kumsukuma, maana kwake kusukumwa ni mchezo. Akituliza miguu minne chini, ndipo asalimiwe. Shida ni kwamba baba anamkataza kuruka na watoto wanamshangilia akiruka. Nyumba nzima iseme neno moja.

Najua kuna mtu ameshika kiboko anasoma hapa. Ukirudi jioni ukampiga kwa kiatu alichotafuna saa sita mchana, hajui unampigia nini. Anachojifunza ni kwamba wewe ukifika, maumivu yanafika. Ile sura ya kuinamisha kichwa na kufyata mkia, tunayosema "anajua alichokosa," ni hofu tu. Na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma.

Nisisahau wenye mbwa wadogo zaidi. Tangu majuma matatu mpaka kama 14, mbwa anajifunza dunia ikoje. Akiona watoto, mwavuli, pikipiki, mzee mwenye mkongojo, anazoea. Asipoona kitu ila ukuta, kila mgeni baadaye ni adui. Lakini kwa ajili ya parvo usimtembeze njiani kabla chanjo hazijaisha. Mbebe mikononi, umpeleke akaone.

Chakula. Ugali mtupu kila siku haumjengi mbwa anayekua. Ndiyo maana unaona matege kwenye miguu ya mbele, halafu unaambiwa "aina hii iko hivyo." Changanya ugali na omena, au nyama ya bei nafuu iliyochemshwa. Kama unanunua chakula cha mfuko, nunua cha watoto wa mbwa. Mdogo ale mara tatu au nne kwa siku, na akipita miezi sita mara mbili zinatosha. Maji safi yawepo saa zote, hasa wewe unayemfungia kwenye mabati Machi yote.

Makombo ya mezani ni habari nyingine. Mchuzi wetu umejaa kitunguu, na kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama sindano. Gunzi la mahindi ya kuchoma na kokwa la avokado huziba utumbo, na nimeona watoto wakiwarushia mbwa vyote viwili kama mchezo. Chokoleti ni sumu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Na ule unga uliovunda, ambao umeogopa kupikia watoto, usiseme "basi ni wa mbwa." Sumu ya kuvu kwenye mahindi iliua watu 125 Ukambani na maeneo jirani mwaka 2004, na mbwa hawaivumilii kabisa.

Krismasi tukichinja mbuzi, usimtupie mbwa maini au mapafu mabichi yenye mavimbe ya maji. Ndani ya mavimbe hayo kuna mnyoo ambao hukua kwa mbwa na kumrudia binadamu kupitia kinyesi chake. Turkana ilijulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huo, na madaktari wa AMREF waliwapasua watu wengi tumboni kwa sababu yake. Chimbia au choma. Dawa ya minyoo ya kawaida nayo ianze mapema, kwa sababu wengi huzaliwa na minyoo tayari: kila majuma mawili mpaka miezi mitatu, kila mwezi mpaka sita, kisha kila miezi mitatu. Watoto wako wanacheza kwenye mchanga ule ule.

Kupe na viroboto, tumia dawa ya mbwa kutoka agrovet kwa kipimo cha uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho imewaumiza wengi. Oili chafu ya gari kwenye upele, tafadhali, hapana. Anailamba yote.

Kuna anayenijibu kwamba Biblia inawataja mbwa vibaya, na ananitajia Wafilipi 3:2 na Ufunuo 22:15. Mistari hiyo inasema habari za watu. Haikupi ruhusa ya kumnyima mnyama maji. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa namna anavyomjali mnyama wake, na hata amri ya Sabato katika Kutoka 20 inamhesabu mnyama kati ya wanaopaswa kupumzika. Wala mbwa hawakumkimbia Lazaro mlangoni pa tajiri.

Lakini andiko ninalotaka mwenye geti asome usiku huu ni Kutoka 21, kuanzia mstari wa 28. Ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe akafa, na hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe alizoea kupiga, na mwenyewe alionywa, asimzuie, hatia inamwangukia mwenye ng'ombe, nayo ni nzito mno. Weka mbwa mahali pa ng'ombe. Majirani wamekwambia mara ngapi kwamba huyo mbwa anawakimbiza watoto wa shule? Kile kibao cha "Mbwa Kali" hapo getini (walimu wa Kiswahili walitukataza, ni mbwa mkali, lakini nani anawasikia) ni ushahidi wa maandishi kwamba ulijua. Basi geti lifungwe, tundu la ua lizibwe, na watoto wadogo wasiachwe peke yao naye, hata kama ni "mpole sana." Asisumbuliwe akila wala akilala. Akiuma mtu, toka nje na kadi ya chanjo mkononi, na ugharamie matibabu bila kusubiri chifu.

Walioniuliza kama kuhasi mbwa ni dhambi: sioni dhambi. Naona dhambi zaidi katika watoto wa mbwa wanane waliotupwa kwenye gunia kando ya barabara. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu umri unaofaa. Kwa walio Nairobi, KSPCA nao wanaweza kukuelekeza, na kama bado hujanunua mbwa, wanao wanaohitaji nyumba.

Maswali mengine yaandike hapa chini, nitayajibu nikipata nafasi baada ya ibada ya Jumatano. La mtoto aliyeumwa usiliandike hapa. Piga simu ukiwa njiani kwenda hospitali.

Mbarikiwe.